Nimemaliza Ikki Tousen, bado iko kichwani

Jana usiku nimemaliza Ikki Tousen, ile anime (katuni ya Kijapani) ya 2003, episodi 13 tu. Niseme ukweli kwanza, kuna mambo yalinikera sana, kila ngumi ikirushwa nguo zinachanika, na hawa ni wanafunzi wa sekondari jamani, vipande vingi nimevipeleka mbele, sijaona kabisa sababu ya kuviweka.

Lakini hadithi yenyewe aisee! Wapiganaji wa shule saba za Kanto huko Japani, kila mmoja na jiwe lake dogo linaitwa magatama, ndani yake kuna roho ya shujaa wa zama za Falme Tatu za China, na vile yule shujaa alivyokufa miaka karibu 1,800 iliyopita ndivyo na yeye anatakiwa afe. Hakufu, binti ambaye ndiye mhusika mkuu, amebeba roho ya shujaa Sun Ce, na Sun Ce kwenye historia alikufa mwaka 200, bado kijana kabisa. Sasa binti anacheka, anataka tu kupigana na wenye nguvu, na wewe unajua mwisho wake umeshaandikwa, roho inauma.

Saa saba usiku nikasimamisha simu nikakaa kimya. Mimi jina langu ni la marehemu babu, na tangu mdogo nikikasirika tu bibi anasema "babu yako huyo karudi", sasa babu alifariki na miaka 41, mimi mwezi ujao natimiza 40. Asubuhi nimempigia bibi, tumeongea hadi salio likaisha.