Siku moja na sabuni za soko la Kibuye

Saa 12 asubuhi. Kisumu ndiyo inaamka, na akina mama wa mitumba bado hawajafungua marobota. Napima vipande vipya vya sabuni kwa mizani, naandika uzito, naviweka kwenye mifereji ya choo cha soko. Utafiti wetu ni wa unawaji mikono, na sehemu yangu ni kupima bila kumhoji mtu. Ukimuuliza mtu kama hunawa akitoka chooni, atajibu ndiyo; nani atakataa mbele ya mgeni mwenye kalamu? Kule Tucson, Arizona, mwanaakiolojia William Rathje na wanafunzi wake walianza mwaka 1973 kuchambua takataka za majumbani, wakakuta makopo ya bia mengi kuliko yale watu waliyokiri kunywa.

Saa 6 mchana. Sabuni ya mfereji wa mwisho imeisha karibu nusu. Ningekuwa mgeni wa kazi hii ningeshangilia. Naigeuza: magamba ya samaki yamenata upande mmoja, na upande wa pili kuna nyuzi za waya wa kusugulia sufuria. Hapo ndipo njia hii inapotega. Mizani inanionyesha sabuni imekwenda, haielezi imekwenda wapi wala kwa nini.

Saa 8. Zahanati, kusoma rejista ya wagonjwa wa kuhara. Aliyenunua dawa dukani akarudi nyumbani hayumo humu. Mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim naye, mwaka 1897, aliegemea takwimu rasmi za watu waliojiua, na amekosolewa kwa jambo hilihili: anayeandika ndiye anayeamua kipi kihesabiwe.

Saa 10. Kikao. Mwenzangu anapendekeza kamera kwenye korido ya choo. Nimekataa, na nitakataa tena. Sura ya mtu ni data yake, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inailinda, na kibali cha utafiti hakimpi yeyote ruhusa ya kumvizia mama wa watu. Sabuni haina jina la mtu. Hiyo ndiyo heri yake kubwa.

Saa 12 jioni. Namwonyesha mzee anayetunza choo ile sabuni.

"Mzee, hizi nyuzi ni za nani?"

"Za kibandani, mwanangu. Wakimaliza chakula cha mchana huja kuosha vyombo hapa."

Kesho kila kipande kitatiwa kwenye wavu na kufungwa mferejini, na mama wa kibanda tutampelekea sabuni yake mwenyewe. Halafu nitaketi na mzee hadi saa 8, anieleze mengine anayoyaona.