Kafyu ya saa moja jioni ilimwangukia nani?

Jumatano ya tarehe 25 Machi 2020, Rais Uhuru Kenyatta alipotangaza kwamba kuanzia Ijumaa ya wiki hiyo hakuna mtu angeruhusiwa kuwa nje kati ya saa moja jioni na saa kumi na moja alfajiri, nilikuwa nyumbani kwa shangazi yangu hapa Mombasa, naye alikuwa akimenya viazi. Shangazi huuza viazi vya karai na bajia karibu na uwanja wa Makadara, na kazi hiyo ameifanya tangu mimi nikiwa darasa la pili. Alisikiliza hotuba yote hadi mwisho, akaweka kisu chini, akaniambia, "Mwanangu, hiyo saa moja wanayoitaja ndiyo saa yangu ya kufungua."

Tangu siku ile, kila ninapowasikia watu wakibishana iwapo ilikuwa haki kufunga miji wakati wa korona, hukumbuka maneno hayo. Mjadala wenyewe ulianza vibaya. Upande mmoja ulisema uhai kwanza, kwa kuwa uchumi ukifa huweza kufufuliwa lakini maiti hafufuki. Upande wa pili ulisema njaa itaua wengi kuliko virusi. Pande zote mbili ziliutaja uchumi kana kwamba ni kisima kimoja ambacho sote tunachota sawasawa, na zikausahau ukweli ambao shangazi aliuona mara moja, kwamba amri moja ya saa moja jioni hugusa saa za watu tofauti kwa namna tofauti kabisa. Karani anayetoka kazini saa kumi na moja hapotezi hata senti kwa kafyu hiyo, ilhali mchoma mishkaki hupoteza siku nzima, kwa sababu siku yake huanza pale ya karani inapoishia.

Anayeijua Mombasa anajua kwamba biashara ya watu wadogo katika mji huu ni ya usiku. Joto la mchana huwaweka watu ndani, na jua huzama muda mfupi baada ya saa kumi na mbili, kisha baada ya sala ya magharibi ndipo vibaraza hujaa, jiko la mkaa huwashwa, muuza kahawa hupita na dele lake, mkate wa mofa hutoka tanurini, na tuktuk hupata abiria wanaokwenda kubarizi. Ramadhani ya mwaka huo ilianza mwishoni mwa Aprili, nao ni mwezi ambao shangazi huutegemea kulipa karo, kwa maana watu hununua vya kufuturu kisha hurudi tena baada ya tarawehe. Misikiti ilikuwa imefungwa, tarawehe zilisaliwa majumbani, na kati ya adhana ya magharibi na kafyu palibaki muda usiotosha hata kuyapasha moto mafuta ya karai na kuuza sinia moja.

Sisemi kwamba ugonjwa ulikuwa mdogo. Mwezi wa Machi 2020 hakukuwa na chanjo wala dawa iliyothibitishwa, tulikuwa tumeona picha za majeneza ya Bergamo nchini Italia, na vitanda vya wagonjwa mahututi nchini Kenya havikufika 1,000 kwa watu zaidi ya milioni 47. Serikali yoyote ambayo ingekaa kimya mbele ya hali hiyo ingestahili lawama, na mimi mwenyewe niliunga mkono kufungwa kwa shule na mikusanyiko. Katika ukoo wetu tumezika watu kwa ugonjwa huu. Ninalolipinga ni jinsi gharama ya kujikinga ilivyogawanywa, na ninalipinga kwa uchungu, kwa kuwa haikuwa lazima igawanywe vile.

Siku ya kwanza ya kafyu ilitosha kuonyesha kwamba aliyeipanga hakuwahi kuvuka jioni kivuko cha Likoni, kati ya kisiwa cha Mombasa na ng'ambo ya kusini. Feri ile huvusha zaidi ya watu laki tatu kwa siku, wengi wao wakiwa vibarua, wapishi na wafanyakazi wa bandarini wanaoishi ng'ambo kwa sababu kodi za nyumba za kisiwani zimewashinda. Ijumaa hiyo ya tarehe 27 Machi walifika kivukoni wakiwa na haraka ya kuiwahi saa moja, foleni ikajaa, na polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi na virungu, wengine wakalazwa chini kwa wingi. Amri iliyotolewa ili watu waachane nafasi iliwasukuma wakalaliana, wakikohoa na kujifuta macho. Siku tatu baadaye, jijini Nairobi, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa amesimama kwenye roshani ya nyumba yao wakati polisi wakisimamia kafyu. Kufikia mapema Juni, IPOA, mamlaka huru inayosimamia utendaji wa polisi, ilikuwa imepokea malalamiko yaliyohusisha vifo 15. Vifo hivyo navyo ni uhai, na waliokuwa wakisema uhai kwanza walipaswa kuvihesabu.

Serikali haikukosa kufikiria nafuu, na ni haki kulisema hilo. Wenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi walisamehewa kodi ya mapato yote, kiwango cha juu cha kodi hiyo kikashushwa kutoka asilimia 30 hadi 25, na kodi ya ongezeko la thamani ikapungua kutoka asilimia 16 hadi 14. Hatua hizo zilikuwa njema kwa mwenye hati ya mshahara. Shangazi hana hati ya mshahara, na zaidi ya asilimia 80 ya ajira nchini kwa hesabu za serikali yenyewe ziko katika sekta ya jua kali kama yake. Nafuu pekee iliyomfikia ni kuondolewa kwa ada ya kutuma fedha kwa simu kwa kiasi kisichozidi shilingi 1,000, jambo dogo ambalo kwa mtu anayetumiwa mia mbili na nduguye wa Malindi si dogo hata kidogo.

Kisha ulikuja mpango wa kuwapa watu wa mitaa ya mabanda shilingi 1,000 kwa wiki. Mpango huo ulikuwa sahihi kwa wazo lake, na nadhani kama ungetekelezwa kwa upana wake mjadala wote huu ungekuwa na sura nyingine, lakini fedha zilifikia sehemu ndogo sana ya kaya zilizozihitaji. Shangazi aliandikwa jina mara tatu: mara ya kwanza na kijana aliyekuja na daftari, mara ya pili na kijana mwingine aliyekuja na simu, mara ya tatu aliambiwa apeleke nakala ya kitambulisho mahali fulani, akapiga foleni asubuhi nzima. Hakupata kitu. Jirani yake, mwenye vyumba vitatu vya kupangisha, alipata. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na katika orodha zile mwenye shibe ndiye aliyeshika kalamu.

Wakati huo huo Rais Museveni wa Uganda, ambaye masharti yake yalikuwa makali kuliko yetu, aliagiza kila mtu mhitaji wa Kampala na Wakiso apelekewe kilo sita za unga na kilo tatu za maharagwe. Ugawaji ule ulikuwa na kasoro zake na malalamiko yake, lakini ulikiri jambo moja ambalo kwetu halikukiriwa kwa vitendo, kwamba anayemfungia mtu mlango huchukua pia dhamana ya chungu chake. Hapa Mombasa, mwezi Aprili, nchi nzima ilisikia habari za mjane aliyekuwa akichemsha mawe ili wanawe wadhani chakula kiko jikoni na wapitiwe na usingizi. Watu walimchangia kupitia simu, na Mungu awalipe. Hata hivyo huruma ya wasikilizaji si mpango wa serikali, na aliyekuwa nyumba ya pili hakupata mwandishi wa habari wa kumtembelea.

Tarehe 6 Mei zilifungwa Eastleigh ya Nairobi na Mji wa Kale wa Mombasa, hakuna kuingia wala kutoka, kwanza kwa siku 15, kisha mpaka mwanzoni mwa Juni, Idi ikiwa katikati. Watu wa Mji wa Kale walilaumiwa kwamba wanakataa kupimwa. Ninawajua watu wale, nami nasema hawakuogopa kipimo. Waliogopa kilichofuata baada ya kipimo. Kwa wiki kadhaa waliowekwa karantini walikuwa wakidaiwa gharama za malazi na chakula, wengine wakazuiliwa mpaka walipe, na waliokamatwa kwa kuvunja kafyu walipelekwa karantini kama adhabu. Ukiifanya karantini kuwa kifungo chenye bili, usishangae mtu mwenye kikohozi anapojificha chumba cha ndani. Ni mwezi wa Mei tu ndipo serikali ilipotangaza kwamba itabeba gharama katika vituo vyake, na kufikia hapo imani ilikuwa imekwisha kuondoka.

Nina ndugu Tanga, na katika simu zetu za wakati ule wao ndio waliokuwa wakituonea huruma. Rais Magufuli alikataa kuwafungia watu, akisema kazi ziendelee, na sitaki kumnyima haki yake: alielewa kwamba mtu anayekula kwa jasho la siku hawezi kuambiwa akae ndani wiki tatu, na kama shangazi angepewa kura siku ile ya Machi angempigia yeye. Lakini wanaoitaja Tanzania leo kama ushahidi kwamba kufunga hakukuwa na maana husahau mambo mawili. Takwimu zilisimama mwanzoni mwa Mei 2020 zikiwa wagonjwa 509 na vifo 21, na kuanzia hapo ndugu zangu walitembea bila kujua wanatembea katika nini; binamu yangu alihudhuria mazishi manne katika wiki mbili mwanzoni mwa 2021, na kila mara aliambiwa ni kifua tu. Na uchumi wenyewe haukuokoka kwa kuacha milango wazi. Watalii waliofika Tanzania walikuwa takriban milioni 1.5 mwaka 2019, wakashuka hadi karibu laki sita na ishirini mwaka 2020, kwa sababu Ulaya ndiyo iliyofungwa, na mgeni asiyeondoka kwao hafiki Zanzibar hata hoteli zikiwa wazi. Kwetu pia wageni walishuka kutoka zaidi ya milioni mbili hadi chini ya laki sita. Sehemu kubwa ya hasara ya Pwani ingetupata kwa kafyu au bila kafyu.

Ndiyo maana takwimu ya pato la taifa, ambayo kila upande huishika kama rungu, hainiridhishi. Uchumi wa Kenya ulipungua kwa asilimia 0.3 mwaka 2020, kisha mwaka 2021 ukakua kwa zaidi ya asilimia 7. Ukisoma hivyo utadhani nchi ilikwaruzwa kidogo ikapona. Ndani ya asilimia hiyo 0.3 wamo waliofanya kazi wakiwa sebuleni, na mshahara ukaingia kila mwisho wa mwezi bila kukosa, na yumo shangazi yangu, ambaye kwa siku sabini na zaidi, mpaka kafyu iliposogezwa saa tatu usiku mwezi Juni, hakuuza karibu chochote. Mwezi Mei aliuza bangili zake mbili za dhahabu alizopewa na mamake siku ya harusi, kwa bei ya mnunuzi anayejua kwamba muuzaji hana la kufanya. Hesabu za mwaka 2021 hazikuzirudisha.

Wataalamu walituambia kwamba kufunga hakuponyi mtu, bali hununua muda ili hospitali zijiandae. Nililiamini hilo, na nikamweleza shangazi hivyo kwa maneno yangu mwenyewe, kwamba usiku wake anaoupoteza unanunua hewa ya oksijeni ya mgonjwa. Kisha Agosti tukasoma habari za KEMSA, mamlaka inayosambaza dawa na vifaa vya hospitali za umma, jinsi vifaa vya korona vya mabilioni ya shilingi vilivyonunuliwa kwa bei za kupindukia kutoka kwa kampuni zilizosajiliwa juzi, hadi Rais akaagiza uchunguzi ukamilike kwa siku 21. Desemba madaktari wakagoma, na miongoni mwa madai yao yalikuwa vifaa vya kujikinga na bima ya afya. Sijui njia ya kumweleza mtu aliyetoa usiku wake sabini kwamba muda alioununua ulitumiwa hivyo. Sikumweleza, alikuwa ameshasikia redioni.

Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, na ugonjwa mwingine utakuja siku moja, wetu au wa wajukuu wetu. Ikibidi kufunga tena, nataka kabla ya saa kutangazwa waulizwe wanaoishi kwa saa hiyo, ili kama ni lazima kupunguza msongamano, watu wa jikoni wapewe mchana au wapewe zamu, badala ya kufutwa. Nataka karantini iwe bure tangu siku ya kwanza na isiwe adhabu ya kosa lolote. Nataka chakula na fedha vifike kabla ya amri, kwa orodha iliyoandikwa sasa, wakati wa afya, mtaa kwa mtaa, na watu wa mtaa wenyewe ambao wanajua nani hukaanga, nani huendesha tuktuk ya mwingine, na nani ana vyumba vya kupangisha. Shangazi ana ombi moja juu ya orodha hiyo: ibandikwe ukutani, nje ya ofisi, wiki mbili kabla ya fedha kutoka, ili kila mtu aone lililoandikwa na lisiloandikwa.