Saa yao ni saa yetu: mwaka niliojitolea kufundisha Adama

Nilipopata nafasi ya kwenda Ethiopia kujitolea kufundisha hesabu tulitumiwa kijitabu cha kutuandaa, na humo ndani sehemu iliyokuwa ndefu kuliko zote ilihusu saa. Eti wenzetu kule wanaanza kuhesabu jua likichomoza, kwaiyo ukiambiwa kipindi kinaanza saa mbili asubuhi uwe makini, usije ukachanganyikiwa, andika pembeni ujizoeze. Nilikuwa nimekaa barazani nyumbani Tanga nikamsomea mama, akaacha kuchambua mchele akaniuliza, "Kwani watu wengine wanahesabuje?"

Basi mi nikajua nimeshazoea kabla sijafika. Saa ni ileile, hata majira ni yaleyale ya Dar, chakula cha mkono, kahawa, bajaji barabarani, nitashindwa nini? Kiukweli hicho ndo kilichonipa shida.

Adama iko kama kilometa 100 kutoka Addis Ababa, kusini mashariki huko, mji wa joto kidogo na vumbi, wazee wengi bado wanauita Nazret. Nilifika Septemba 2018 nikakuta watu wanajiandaa kuingia mwaka 2011, maana kalenda yao iko nyuma yetu miaka saba au minane kutegemea mwezi, na ina miezi 13, ule wa mwisho una siku tano tu, au sita mwaka ukiwa mrefu. Hayo yote unazoea ndani ya wiki mbili, unaandika tarehe kwenye rejesta kama unavyoelekezwa maisha yanaenda.

Nisichokizoea haraka ni kuwa bubu. Wenzangu wawili tuliokuja nao walikuwa Wazungu, wao wakitoka nje tu kila mtu anajua ni wageni, wanasaidiwa, wakikosea neno moja watu wanafurahi. Mimi watu waliniongelesha Kiamhara moja kwa moja, dukani, kwenye bajaji, kanisani, na nikikaa kimya walidhani nina maringo. Muuza nyanya mmoja alinikasirikia kabisa, nami sina hata neno la kumwambia kwamba mama, mi sielewi. Siku hiyo nilirudi chumbani nikalia. Nyumbani mi ni mtu wa maneno, naongea na kila mtu kituoni, af ghafla umekuwa mtu wa kuonyesha kidole.

Aliyenitoa huko ni mama mwenye nyumba. Hakujua Kiingereza hata kidogo na mi nashukuru hakujua. Kila jioni alichoma buni kwenye kikaango, akazitwanga, akaweka jebena, birika lao la udongo la kahawa, jikoni, nami nikae kwenye kigoda nitaje majina ya vitu. Kahawa kwao ni buna. Hapo nikashtuka, buna, buni! Nikaanza kuyaokota mengine: sabuni ni samuna, sukari ni sukuar, Alhamisi ni hamus, na hesabu yenyewe ninayofundisha ni hisab. Namba zikinishinda mpaka 20, kuanzia 30 zinafanana na zetu, selasa, arba, hamsa, seba. Ila ukisikia gari usisubiri gari, ni mkokoteni wa farasi. Kahawa inamiminwa mara tatu, ya kwanza abol, ya pili tona, ya tatu bereka, na kuondoka kabla ya bereka hapendi, kwaiyo nilikuwa na kama saa nzima ya darasa kila siku na mwalimu hachoki. Alikuwa ananiita lije, mwanangu. Nikiugua au nikikosea kitu ananiambia ayzosh, na nyie mnaosema neno pole hakuna wengine wenye nalo, nawaambia hili liko karibu nalo kabisa, lina pole na lina jikaze ndani yake.

Chakula sikulalamika, ingera ni kama chila kubwa yenye uchachu, ukishaizoea unaitafuta. Kufunga ndo kulinichosha mwanzoni. Waorthodoksi hawali nyama, maziwa wala mayai Jumatano na Ijumaa, na Kwaresima yao ni siku 55, kwaiyo nilikula shiro, mchuzi wao wa unga wa jamii ya kunde, na dengu mpaka basi. Mwezi wangu wa tatu kule nilitamani ugali hadi nikauota. Sijui nilimweleza vipi kwa lile Kiamhara langu, lakini asubuhi ya Jumapili mama akanipikia genfo, ugali wa unga wa shayiri, katikati umechimbwa shimo limejazwa siagi na pilipili yao ya berbere. Kawaida ni chakula cha mama aliyejifungua. Nilikula chote, akanitazama tu.

Sasa shuleni. Nilipewa gredi 9, wanafunzi zaidi ya 60 darasani. Siku za kwanza nikiuliza swali kimya, nikimtaja mtu anasimama, anavuta pumzi ndani ghafla kama amestuka, basi. Nilidhani wananiogopa. Kumbe ile pumzi ni "ndiyo", watu wengi kule wanaitikia hivo. Lakini kimya kile kingine nilikijua, nilikijua vizuri sana. Hawa watoto wamesoma mpaka gredi 8 kwa Kioromo, wengine kwa Kiamhara, af wakifika gredi 9 kila kitu kinageuka Kiingereza. Ni kidato cha kwanza chetu kilekile! Mi mwenyewe nilikaa muhula mzima form wani nikikopi ubaoni vitu nisivyovielewa, na darasa la saba nilikuwa wa pili kwa hesabu.

Kwaiyo nikaacha kuongea sana. Nikawa naandika swali ubaoni, nawaambia jadilini kwa lugha yenu dakika kumi, af mmoja aje aandike, ukishindwa kusema andika tu. Darasa likawa na kelele mpaka mwalimu wa jirani akaja kuchungulia. Kelele tamu ile. Mi nikazunguka kati ya madawati nikiokota maneno ya Kioromo, tokko, lama, sadii, nikikosea matamshi wananisahihisha kwa pamoja, "Tichar, no!" Na nadhani hapo ndo walinikubali, walipoona na mimi najifunza kwa shida kama wao. Kuna binti mmoja wa dawati la nyuma hakuwahi kufungua mdomo mpaka Februari, siku hiyo akaja ubaoni akatatua mlinganyo kwa njia fupi kuliko yangu, akarudi kukaa. Hakusema kitu. Baada ya hapo kila kipindi yuko mbele.

Nasema hili kwa anayetaka kwenda: omba miezi miwili ya lugha kwanza kabla hujashika chaki. Sisi tulipewa siku nne, na nyingi zikaishia kwenye saa.

Nilirudi Julai. Bado tunapigiana simu na mama mwenye nyumba Jumapili saa kumi jioni, kumi yake na kumi yangu, anaweka jebena nami nachemsha ya kwangu. Wiki iliyopita akaniuliza nimefika ya ngapi, nikamwambia tona, akasema basi nisikate simu, bado bereka.