Digrii 9 si ya kila mtu: nilivyopata lofti na shafti ya draiva yangu

Ukitafuta draiva, fimbo ya gofu ya kupiga mbali, hapa Nairobi hukosi wa kukusukumia ya lofti ya digrii 9, yaani uso wake umelala nyuma kidogo tu. Hoja yake: mji uko juu, hewa nyepesi, mpira utaenda wenyewe. Kwenda unaenda kweli, kama asilimia 6 zaidi ya Mombasa. Lakini hewa hiyo hiyo nyepesi haina nguvu ya kuuinua mpira unaozunguka, kwa hiyo unapita bapa na kilele chake ni cha chini. Ukipunguza lofti tena, umejimaliza. Mimi kasi ya swingi yangu, yaani ninavyozungusha fimbo, ni maili 90 kwa saa hivi. Nimetulia kwenye digrii 10.5, na nikishuka kucheza Nyali, Mombasa, siibadilishi.

Kwenye mashine ya kupimia mpira unavyoondoka, kwa kasi kama yangu, nilitafuta mpira uondoke kwa digrii 13 hadi 15, ukizunguka mara 2,400 hadi 2,900 kwa dakika. Namba za mtaalamu kama Rory McIlroy achana nazo, yule anapita maili 120.

Ila kabla ya kulaumu lofti, jua unagonga wapi. Nunua kopo la poda ya miguu ya kupuliza, bei si ya kuumiza kichwa. Futa uso wa draiva ukauke, puliza utando mwembamba, kisha piga mipira kadhaa bila kufuta. Alama zitajikusanya pamoja. Zikiwa chini ya katikati, mpira unazunguka mno, unapaa ghafla kisha unadondoka; hapo lofti haina hatia. Inua tii, kijiti cha kuwekea mpira, mpaka nusu ya mpira ionekane juu ya kichwa cha draiva. Zikiwa juu kidogo ya katikati, shukuru: mpira unaondoka juu na mzunguko unapungua. Poda ikiwa nene inapunguza msuguano na namba za mashine zinadanganya, kwa hiyo mzunguko upime uso ukiwa safi. Na uifute kabla ya raundi, sheria hairuhusu kupaka kitu usoni.

Ushauri mwingine ulionichosha ni wa kuzungusha kiunganishi, kile kinachoshikanisha kichwa na mti wa fimbo, ili kushusha lofti "mpira usipae". Kwenye viunganishi vingi, ukishusha lofti uso unafunguka, yaani unatazama kulia. Anayekata kulia, yaani mpira wake hupinda kulia, kama mimi anapata mpira wa chini zaidi na mkato mkubwa zaidi, moja kwa moja hadi kwenye miti ya jirani. Nilipogeuza upande wa pili, lofti ikapanda, uso ukajifunga kidogo, mkato ukapungua.

Alama zangu za poda zilikuwa zinatambaa kisiginoni, upande wa uso ulio karibu na mti, na kisigino nacho huongeza mkato. Hiyo ilikuwa kesi ya urefu wa shafti, yaani mti wa fimbo. Draiva nyingi za dukani ni inchi 45.5 au zaidi. Usikate kwanza: shika chini kwa inchi moja, puliza poda, uone kama alama zinarudi katikati. Zikirudi, kata upande wa mshikio, kamwe si wa ncha, maana ncha ikikatwa shafti inakakamaa. Kila nusu inchi unayokata inafanya kichwa kihisike chepesi. Gramu 6 hivi za utepe wa risasi, ile metali nzito, zinarudisha uzito, na ukiubandika karibu na kisigino unasaidia uso kujifunga.

Herufi R (ugumu wa kawaida) na S (ngumu zaidi) kwenye shafti hazina kipimo kimoja. S ya kampuni hii ni R ya ile. Anza na uzito. Shafti ya gramu 50 na kitu ilinitawanyia alama uso mzima, ya 60 na kitu ikazikusanya bila kunipunguzia kasi ya maana.

Ukinunua shafti ya mtumba, tazama kiunganishi chake: cha kampuni ya Titleist hakiingii kwenye kichwa cha TaylorMade. Kukibadilisha, pasha moto kiunganishi chenyewe, si shafti, halafu vuta kwa kunyoosha. Ukiizungusha shafti, nyuzi zake za kaboni zinapasuka ndani na hutaona kitu mpaka ikatike ukipiga.