Mbwa asiyechoka na jua la Dodoma
Tangu tuhamie Nzuguni, German Shepherd wetu, Simba, amekuwa akituamsha kabla ya adhana ya alfajiri, na sishangai, kwa kuwa aina hii ilianza kuendelezwa rasmi Ujerumani mwaka 1899 kutokana na mbwa wa kuchunga kondoo, kazi ambayo ndani ya ua wetu haipo. Asipochoshwa, huchimba mashimo chini ya mpapai na kutafuna kandambili za wageni.

Tunatoka naye saa kumi na mbili asubuhi na kurudi kabla jua halijakolea, kwa sababu mbwa hupoza mwili hasa kwa kuhema, na lami ya saa saba mchana huunguza nyayo. Njiani husimama ghafla akiinua mguu na kunitazama: ni mbigili, ambazo huku kwetu hazikosekani, na inabidi nichuchumae kuzichomoa moja moja katikati ya vidole vyake. Kwenye mashamba ya mizabibu humfunga kamba fupi, maana zabibu, hata zilizokaushwa, zinaweza kuharibu figo za mbwa. Jambo hilo majirani wengi hulipokea kwa kicheko.

Kinachomchosha zaidi, kwa maoni yangu, si mbio bali kunusa. Jioni huficha dagaa wakavu chini ya ndoo, matofali na magunia yaliyozagaa uani, kisha namwachia atafute. Mvua za Desemba zikianza, mchezo huo tunauhamishia sebuleni, mama watoto apende asipende.