Swali la dereva kwenye kamati

Kipindi kile kazi yangu ilikuwa kuandika mihtasari ya kamati moja ya bunge, yaani unakaa kona na laptop yako unanyamaza. Siku hiyo walikuwa wanapitia mswada wa akiba ya uzeeni, na kuna kifungu kilisema kila mfanyakazi, hata kibarua, akatwe hela ileile kila mwezi. Waheshimiwa wakaanza maswali, karibu wote mawakili na wafanyabiashara, mmoja aliwahi kuwa bosi wa benki. Waajiri hawatalemewa? Wawekezaji watasemaje? Maswali ya maana tu, sitanii, wala sikuona mwenye roho mbaya mle ndani.

Sasa kulikuwa na mmoja zamani dereva wa basi, muda wote kimya anachezea kalamu. Akavuta maiki, "Mheshimiwa mwenyekiti, kibarua hajaitwa kazini wiki mbili, hayo makato yanatoka wapi?" Mtaalamu wa wizara akafungua faili, akalifunga, akasema watalifanyia kazi.

Mwenyekiti akadakia, eti hata yeye kakulia kwenye shida, kalala chini, anawajua wanyonge. Sawa mzee, ila tangu atoke chuo yuko kwenye uwakili, na mimi naona shida za utotoni huwa zinabaki stori za kampeni tu, kazi uliyoifanya miaka na miaka ndo inakupa cha kuuliza.

Usiku nikakesha nasoma. Kumbe Uingereza wabunge walianza kulipwa mshahara 1911, pauni 400 kwa mwaka, kabla ya hapo asiye na mali angeishije bungeni? Keir Hardie, aliyeingia migodini akiwa mtoto, alipata kiti 1892 akawapigania wasio na ajira mpaka akaitwa mbunge wao. Na Marekani, watu wa kazi za mikono na huduma ni kama nusu ya wafanyakazi wote, ila waliotoka kwenye kazi hizo moja kwa moja wakaingia Congress hawafiki hata asilimia 2, halafu tunashangaa kodi za matajiri zinavyojadiliwa kwa upole!

Kifungu kilirudi baadaye kimebadilishwa, makato yakawa asilimia ya kile mtu alichopata. Faini ya kuchelewesha malipo dereva alijaribu kuipinga, wakamshinda kwa kura. Na lile swali lake bosi wangu alilifuta kwenye muhtasari, eti halikuwa la kitaalamu.