Hamira inavyojigawa shingoni, na ninavyoifuatilia kwa hadubini

Seli mbili za hamira zilizoshikana chini ya hadubini hazitoshi kukuonyesha kama zimekwisha kugawanyika au bado. Hilo ndilo ninalomweleza kwanza yeyote anayeanza kazi hii na Saccharomyces cerevisiae, hamira ya mikate. Kugawanyika ni utando wa seli kufungana kati ya seli mama na chipukizi, yaani seli binti inayochomoza juu yake. Kutengana huja baadaye, ukuta ulio kati yao ukishameng'enywa, na kwa muda huo wote jozi huonekana bado ni kitu kimoja. Anayehesabu jozi tu huishia kuripoti kasoro ambayo haipo.

Mambo yote hutokea shingoni, pale mama na chipukizi wanapoungana, penye upana wa takriban mikrometa 1. Protini ziitwazo septini hufika hapo kabla chipukizi halijatokeza, zikajipanga kuwa pete, halafu kola. Miosini (protini ya kuvuta) iitwayo Myo1 huja mapema pamoja nazo, ila aktini, protini inayounda nyuzi, hujiunga mwishoni, kromosomu zikiwa zimekwisha kuvutwa pande mbili. Mitosisi, yaani mgawanyo wa kromosomu, inapomalizika na kimeng'enya Cdc14 kuachiliwa, kola ya septini hugawanyika kuwa pete mbili, moja upande wa mama na moja upande wa binti. Pete ya miosini na aktini hubaki katikati yake na kuanza kusinyaa, kama mdomo wa mfuko unaovutwa kamba. Wakati huohuo vifuko vinavyosafiri juu ya nyuzi za aktini huleta Chs2, kimeng'enya kinachotengeneza kaitini (sukari ngumu ya ukuta), na ukuta mwembamba wa kaitini hujengwa nyuma ya pete kadiri inavyosinyaa.

Kazi hizo mbili hutegemeana, na kwangu hapo ndipo penye uzuri wa jambo hili. Shinikizo ndani ya seli ya hamira ni kubwa, kwa hiyo pete peke yake haiwezi kuuvuta utando hadi ufunge. Ukuta unaojengwa ndio unaoushikilia. Mbari (koo za hamira) kadhaa za maabara huendelea kuishi hata jeni la MYO1 likiondolewa, ingawa ukuta hujengwa upande upande na minyororo ya seli huwa mingi. Chs2 ikikosekana, seli hujiokoa kwa Chs3, kimeng'enya kingine cha kaitini, inayojaza shingo kwa ukuta mnene usio na mpangilio. Katika hali ya kawaida, utando ukishafunga, kuta za pili hujengwa kila upande wa ule wa kaitini. Kisha binti, akiongozwa na Ace2, protini inayowasha jeni, iliyojikusanya kwenye kiini chake, hutoa Cts1, kimeng'enya kinachokula kaitini, na vimeng'enya vingine vya kuula ukuta wa kati. Ndiyo maana kovu la kaitini hubaki kwa mama.

Kwa kupiga filamu natumia mbari ambayo Myo1 imeunganishwa na GFP, protini inayong'aa kijani, mahali pake pa asili kwenye kromosomu. Siiweki kwenye plasmidi (DNA ya ziada nje ya kromosomu), kwa sababu Myo1 ikizidi huvuruga mgawanyiko wenyewe. Tubulini, protini ya mhimili unaovuta kromosomu, naipa rangi nyekundu, ili nione mhimili wa mitosisi unapokatika. Hiyo ndiyo saa yangu ya kuanzia. Anayetumia mbari ya maabara W303 akumbuke kwamba jeni lake la BUD4 lina kasoro, na Bud4 inahusika na septini za shingoni. Mbari zenye kasoro ya jeni la ADE2, la kutengeneza adenini, ziongezewe adenini, la sivyo hukusanya rangi nyekundu inayong'aa na kufunika ishara.

Naotesha usiku kucha kwa nyuzijoto 25 katika chakula sanisi. YPD, chakula cha kawaida cha hamira, hung'aa yenyewe, haifai kwa picha. Asubuhi napunguza hadi OD600 (kipimo cha wingi wa seli kwa ukungu wa kimiminika) ya 0.1, nasubiri ifike 0.4 au 0.5. Ikipita sana hapo, seli huanza kukosa chakula na zinazogawanyika huwa chache. Naweka mikrolita 2 juu ya kipande bapa cha agarosi ya asilimia 2 iliyoyeyushwa katika chakula kilekile, nasubiri maji yanywewe, nafunika, kisha naziba kingo kwa vaselini, lanolini na parafini kwa viwango sawa. Kipande kikiwa na maji mengi, seli huelea na kuhama. Kisipozibwa vizuri hukauka na fokasi hushuka. Hata kikizibwa sawasawa, gesi ya hamira huleta mapovu baadaye, kwa hiyo filamu ndefu sizitegemei.

Kusinyaa huchukua takriban dakika 6 hadi 8, ndiyo maana napiga kila dakika moja. Ukipiga kila dakika tatu unapata nukta mbili au tatu, na huwezi kupima kasi. Kila mara nachukua picha za tabaka zilizoachana mikrometa 0.4 kupitia seli nzima. Nachagua jozi zilizolala bapa, ambazo pete yake huonekana ubavuni kama mstari mfupi. Pikseli ikiwa nanomita 65, mstari huo una pikseli 15 hivi. Hufupika kutoka ncha zote mbili, ukawa nukta inayong'aa zaidi, kisha nukta hupotea. Ikichukua zaidi ya dakika 10 katika mbari ya kawaida, nalaumu mwanga kabla ya kulaumu jeni. Linganisha na seli zilizo nje ya eneo lililopigwa mwanga: zikiwa zimeota na zako zimesimama, punguza nguvu ya taa na uchukue tabaka chache.

Minyororo ya seli naipima kwa zaimolyesi, kimeng'enya kinachokula ukuta wa seli. Naziua seli na kuhifadhi umbo lake kwa formaldehaidi ya asilimia 3.7 kwa saa moja, naosha, nazirudisha katika bafa ya fosfeti yenye sorbitoli ya 1 M. Naongeza zaimolyesi mg 0.2 na mikrolita 2 za mekaptoethanoli kwa kila mililita, naweka nyuzijoto 37 na kuangalia kila dakika tano. Ukuta ukiliwa, seli zilizokuwa zinameta kwenye hadubini ya awamu hugeuka nyeusi. Hapo natikisa taratibu na kuhesabu. Zikiachana, utando ulikuwa umefunga na tatizo ni la kutengana, kama ACE2 inapoondolewa. Zikibaki zimeshikana ilhali zote ni nyeusi, utando haukufunga. Zikiwa bado zinameta usihesabu, maana ukuta ungalipo.

Kalkofluori, rangi inayoonyesha kaitini, naitumia kwenye sampuli ya pembeni tu. Hushika kaitini inayoundwa na kuivuruga, kwa hiyo haifai kwenye seli hai unazotaka kuzipima kasi.